Mlio Mkubwa Si Nguvu: Ekzosi Mpya kwenye Pikipiki Kuukuu

Imeenea imani miongoni mwa vijana wenye pikipiki, na hata miongoni mwa baadhi ya mafundi, kwamba ekzosi iliyotoka kiwandani huikaba injini koo. Kwa imani hiyo, mtu anayenunua pikipiki iliyokwisha kutumika miaka kumi au ishirini huanza kwa kuing'oa sailensa yake na kufunga bomba jingine, ambalo ama limeletwa kutoka ng'ambo likiwa na nembo ya mashindano, ama limechomelewa katika karakana ya mtaani. Injini huwashwa, mlio hutikisa mabati, na waliosimama pembeni hukubaliana kwamba sasa pikipiki ina nguvu. Hakuna aliyepima chochote. Sikio ndilo lililofanywa mizani, na kwa kazi hiyo sikio ni mizani mbovu.

Ubovu huo waweza kuonyeshwa kwa hesabu fupi. Mlio wa desibeli 100, ukipimwa umbali wa mita 1 kutoka mdomo wa bomba, una ukali wa wati 0.01 kwa kila mita ya mraba. Ukichukuliwa kuwa unatawanyika sawasawa pande zote, mlio huo unapita katika uso wa tufe lenye nusu-kipenyo cha mita 1, ambalo eneo la uso wake ni kama mita za mraba 12.6. Jibu la kuzidisha ni wati 0.126, yaani thumuni ya wati. Balbu ndogo ya tochi, ya volti 2.5 na ampea 0.3, hutumia wati 0.75, karibu mara sita ya hapo. Injini ya pikipiki ya kawaida ya sentimita za ujazo 125 hutoa nguvu za farasi zipatazo 11, ambazo ni kama wati 8,200. Kwa hiyo kelele ile inayowaamsha watoto wachanga mtaa mzima ni sehemu moja tu katika sehemu 65,000 za nguvu ya injini iliyoitoa. Hata kama ingewezekana kuikusanya yote na kuirudisha kwenye gurudumu, mwendeshaji asingehisi kitu.

Hapa mtetezi wa bomba jipya aweza kujibu kwamba hakusudii kusema sauti yenyewe ni nguvu. Anachosema ni kwamba sauti ni dalili ya njia kufunguka. Hoja hiyo ina uzito zaidi, na yastahili kujibiwa kwa kuangalia kazi ambayo ekzosi inafanya.

Safari ya wimbi ndani ya bomba

Vali ya kutolea moshi hufunguka kabla pistoni haijafika mwisho wa safari yake ya kushuka. Wakati huo gesi iliyomo ndani ya silinda ingali na kanieneo mara kadhaa ya ile ya hewa ya nje, na halijoto yake ni mamia ya nyuzi. Kwa hiyo haitoki taratibu kama moshi wa jiko la kuni; huchomoka kwa kishindo. Kishindo hicho ni wimbi la mgandamizo, nalo hukimbia ndani ya bomba likiitangulia gesi yenyewe, kwa mwendo wa sauti.

Mwendo wa sauti katika hewa yenye nyuzi 27 za Sentigredi ni kama mita 347 kwa sekunde. Katika gesi yenye joto zaidi mwendo huongezeka kwa kadiri ya kipeuo cha pili cha halijoto kamili. Nyuzi 27 ni Kelvini 300. Ikiwa gesi ya bomba ina wastani wa nyuzi 402, hiyo ni Kelvini 675. Uwiano wa hizo mbili ni 2.25, na kipeuo chake cha pili ni 1.5, hivyo wimbi ndani ya bomba huenda kama mita 520 kwa sekunde.

Wimbi likifika pale ambapo bomba linafunguka, ama hewani, ama ndani ya chumba kipana cha sailensa, halitoki lote. Sehemu yake hurudi ndani, lakini hurudi likiwa limegeuka: lililokwenda likiwa mgandamizo hurudi likiwa mtanuko, yaani wimbi lenye kanieneo iliyo chini ya ile ya kawaida. Wimbi hilo lina uwezo wa kufyonza. Jambo la kujiuliza ni kama litafika kwenye vali wakati ufyonzaji unapohitajika.

Na ichukuliwe injini ya mipigo minne ambayo vali yake ya kutolea hufunguka digrii 40 kabla ya pistoni kufika chini, na bomba lenye urefu wa mita 1. Safari ya kwenda na kurudi ni mita 2, ambayo kwa mwendo uliotajwa huchukua sekunde 0.0038 hivi. Wakati unaofaa kwa wimbi kufika ni pale pistoni inapokuwa juu, vali ya moshi ikikaribia kufunga na ile ya kuingizia ikianza kufunguka. Kutoka kufunguka kwa vali hadi hapo, krenki huzunguka digrii 220. Injini ikizunguka mara 9,500 kwa dakika, digrii 220 humalizika kwa muda ule ule wa sekunde 0.0038 hivi. Wimbi hufika wakati muafaka, hufyonza mabaki ya gesi chafu, na hata huanza kuvuta mchanganyiko mpya kabla pistoni haijaanza kushuka. Katika kasi hiyo bomba hilo huongeza nguvu kweli. Mashindano hayadanganyi.

Lakini ni nani anayeendesha pikipiki ya mizigo kwa mizunguko 9,500? Na iangaliwe injini hiyo hiyo katika nusu ya kasi hiyo, mizunguko 4,750, ambayo ni karibu na hali ya pikipiki inayobeba abiria mmoja na gunia la mahindi. Muda ambao wimbi linakwenda na kurudi, krenki imezunguka digrii 110 tu. Mtanuko umefika mapema mno. Hugonga upande wa silinda, hurudishwa tena kwenye bomba, huenda hadi mwisho, na huko hugeuka kwa mara ya pili na kuwa mgandamizo. Mgandamizo huo hufika kwenye vali krenki ikiwa imetimiza digrii 220 barabara, vali zote mbili zikiwa wazi. Badala ya kufyonza, unasukuma. Gesi iliyokwisha kuungua hurudi ndani ya silinda na kuchukua nafasi ya hewa safi. Bomba lile lile lililoisaidia injini katika mizunguko 9,500 ndilo linaloihujumu katika mizunguko 4,750.

Hesabu hii imerahisishwa, kwani gesi hupoa njiani na yenyewe inatembea, na vali haifunguki kwa mara moja kama mlango. Wahandisi hutumia tarakilishi kufuatilia mambo hayo yote. Hata hivyo umbo la jambo halibadiliki: urefu, kipenyo na mjao wa ekzosi huchagua kasi ambayo injini itasaidiwa na ile ambayo itazuiwa. Kiwanda kilichotengeneza pikipiki ya kazi kilichagua kasi za chini na za kati. Anayeibadilisha ekzosi hiyo bila kupima amechagua kasi nyingine bila kujua ni ipi.

Wapo mafundi wenye uzoefu wanaosema kwamba injini haitaki kuachwa wazi kabisa, inahitaji kuzuiwa kidogo nyuma. Wameona jambo la kweli wakalipa sababu isiyo sahihi. Hakuna injini inayofaidika kwa kuzuiwa kutoa moshi. Kila kizuizi hula nguvu. Kinachopotea bomba linapokatwa fupi au kupanuliwa mno ni ule mpangilio wa mawimbi, pamoja na kasi ya gesi ambayo kwa uzito wake wenyewe huvuta ile iliyo nyuma yake. Tofauti hii si ya maneno tu. Fundi anayeamini kizuizi ataongeza kizuizi, na fundi anayeelewa mawimbi atarekebisha urefu.

Kabureta haina habari

Pikipiki kuukuu ina udhaifu mmoja ambao pikipiki za karibuni zenye kupuliza petroli kwa vifaa vya elektroniki na kipima oksijeni zimepunguziwa: haina namna ya kujua kwamba ekzosi yake imebadilishwa. Honda CG125, iliyoanza kuuzwa 1976 na kusanifiwa makusudi kwa nchi ambazo matunzo ni haba, ilitumia kabureta ya kawaida kabisa, na pikipiki nyingi za Kichina zilizoigiza injini yake, ambazo barabara za Afrika Mashariki zimejaa nazo, zilifanya vivyo hivyo. Kabureta hupima petroli kwa kutumia jeti, yaani kitundu chembamba katika kipande cha shaba. Kitundu hicho kilichaguliwa kulingana na ekzosi iliyokuwapo.

Petroli huungua sawasawa inapochanganyika na hewa kwa uwiano wa karibu kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Ekzosi mpya ikiongeza hewa inayoingia katika kasi fulani, na jeti ikabaki ile ile, mchanganyiko huweza kuwa mwepesi, yaani wenye petroli pungufu. Mchanganyiko mwepesi huungua polepole. Mara nyingine huwa ungali unaungua vali inapofunguka, na kichwa cha vali hukaa katikati ya miali. Katika injini ambayo kiti cha vali kimekwisha chakaa kwa miaka mingi, hiyo ndiyo njia ya haraka ya kuichoma vali.

Dalili mojawapo ni ile mipasuko kama ya bastola inayosikika mwendeshaji anapoachia mafuta. Vijana huipenda. Yafaa waelezwe kwamba mpasuko huo ni petroli yao inayoungulia nje ya silinda, mahali ambapo haisukumi pistoni. Aghalabu husababishwa na mchanganyiko mwepesi, au na gasketi mbovu pale bomba linapoungana na kichwa cha injini, ambapo hewa ya nje hupenya na kukutana na petroli isiyoungua.

Injini za mipigo miwili zina habari ya pekee, na habari hiyo ndiyo inayothibitisha kwamba ekzosi ni kiungo cha injini na si pambo lake. Pikipiki kama Yamaha AG100 na DT125 za mipigo miwili, zilizotumiwa sana na mabwana shamba na watumishi wa miradi vijijini, hazina vali ya kutolea moshi. Zina tundu ubavuni mwa silinda, ambalo hubaki wazi wakati mchanganyiko mpya unaingia, na sehemu ya mchanganyiko huo hutorokea humo. Katika miaka ya 1950, mhandisi Walter Kaaden wa kiwanda cha MZ huko Zschopau, Ujerumani Mashariki, aliendeleza ekzosi yenye tumbo: bomba linalopanuka taratibu kisha kusinyaa. Sehemu inayopanuka hurudisha mtanuko unaofyonza gesi chafu. Sehemu inayosinyaa hurudisha mgandamizo unaousukuma mchanganyiko uliotoroka urudi ndani kabla tundu halijafungwa na pistoni. Kufikia 1961, injini yake ya sentimita za ujazo 125 ilitoa nguvu za farasi 25, yaani nguvu 200 kwa kila lita, bila pampu ya kushindilia hewa. Mwaka huo huo mwendeshaji wake Ernst Degner alitoroka wakati wa mashindano ya Sweden, akajiunga na Suzuki ya Japani pamoja na ujuzi aliokuwa nao, na mwaka 1962 alikuwa bingwa wa dunia kwa pikipiki za 50. Mtu aliihama nchi yake akiwa amebeba kichwani umbo la bomba la moshi. Baada ya kisa hicho ni vigumu kusema kwamba kipande cha bomba la maji chaweza kuchukua nafasi ya ekzosi ya mipigo miwili.

Kutu, na fundi wa mtaani

Hata hivyo si haki kudhani kwamba kila anayebadilisha ekzosi anatafuta kelele. Wengi hulazimika. Sailensa ya pikipiki kuukuu imeoza, na ile ya asili ama haipatikani tena, ama bei yake haimfai mtu anayeitegemea pikipiki hiyo kwa chakula cha kila siku.

Sababu ya kuoza kwake ni somo zuri la kemia ambalo halifundishwi kwa mfano huu. Petroli ina haidrojeni nyingi, na haidrojeni ikiungua huwa maji. Lita 1 ya petroli ikiungua yote hutoa maji yanayokaribia lita 1. Katika safari ndefu maji hayo hutoka kama mvuke. Katika safari fupi fupi za mjini, bomba halipati joto la kutosha. Mvuke hugeuka matone ndani ya sailensa, huchanganyika na tindikali zitokanazo na mwako, na kuila bati kutoka ndani. Ndiyo maana sailensa huonekana nzima kwa nje hadi siku inapotoboka. Mji ukiwa wa pwani, kama Tanga au Mombasa, chumvi hushambulia upande wa nje pia. Sailensa nyingi zina kitundu kidogo upande wa chini, nacho kimewekwa ili maji yavuje. Fundi asiyejua hukiona, hudhani ni kutu, hukiziba kwa kuchomelea, na kwa wema wake hufupisha maisha ya sailensa.

Basi mwenye pikipiki kuukuu akilazimika kubadilisha, afanyeje? Maoni yanayotolewa hapa ni kwamba bomba lililotengenezwa na fundi wa mtaani aliyepima ni bora kuliko bomba la ng'ambo lenye nembo ya mashindano. La mashindano limesanifiwa, pengine kwa ustadi mkubwa, lakini kwa injini nyingine na kasi nyingine. Fundi wa mtaani anayo mbele yake ekzosi ya asili, hata kama imeoza, na ekzosi iliyooza bado inapimika. Apime urefu wa bomba la mbele kutoka kichwa cha injini hadi linapoingia kwenye sailensa, apime kipenyo chake cha ndani, apime mjao wa sailensa, na aikate ile iliyooza kwa msumeno aone vyumba na vitobo vilivyomo. Wachache hufanya hivyo, ingawa hakuna kitabu cha ufundi kilicho wazi kuliko sailensa iliyopasuliwa. Akivirudia vipimo hivyo kwa bati zito kidogo kuliko la awali, atakuwa ametengeneza kitu ambacho kabureta inakifahamu.

Ufungaji nao una masharti yake. Skrubu zinazoshika bomba kwenye kichwa cha injini zimekaa katika aluminiamu, chuma laini, na baada ya miaka mingi zimegandana nacho. Zikilazimishwa huku zimeshika kutu hukatika, na kazi ya nusu saa hugeuka kuwa ya siku mbili. Zipakwe mafuta mepesi na kuachwa usiku kucha. Gasketi iwe mpya. Skrubu zote zishikizwe kwa mkono kwanza, bomba lipangwe hadi lining'inie bila kulazimishwa, kisha zikazwe kwa zamu, kidogo upande huu na kidogo upande ule, na zikazwe tena injini ikiisha kupata joto na kupoa. Sailensa ishikwe na kibano chake chenye mpira. Ikiachwa ining'inie kwenye kichwa cha injini, mtikisiko utaivunja. Kazi ya kuchomelea ifanywe bomba likiwa limetolewa na kuwekwa mbali na tangi la petroli. Mwisho plagi ifunguliwe baada ya mwendo wa kazi ya kawaida: ikiwa na rangi ya kahawia isiyoiva, mchanganyiko unafaa, nyeupe na kavu, petroli ni pungufu na jeti kubwa kidogo inahitajika, nyeusi yenye masizi, petroli imezidi.

Sharti moja husahauliwa kuliko yote, nalo halihusu injini. Ekzosi ya kiwandani huja na kinga ya joto, kile kipande cha bati kinachofunika bomba upande wa mguu. Bomba jipya aghalabu halina. Abiria anayeshuka upande huo, hasa mwanafunzi aliyevaa sketi ya shule au kaptura, hugusa chuma chenye joto la kuchoma ngozi mara moja. Kovu la shavu la mguu limekuwa alama inayojulikana ya abiria wa bodaboda, na lingeweza kuzuiwa kwa kipande cha bati na skrubu mbili.

Dirisha la darasa

Wenye mabomba ya kelele hutoa hoja ya mwisho kwamba mlio huwaokoa, kwa kuwa madereva wa magari huwasikia. Uchunguzi ulioongozwa na Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California, uliotolewa 1981 baada ya kukagua ajali zipatazo 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles, ulionyesha kwamba hatari nyingi zilimkuta mwendeshaji kutoka mbele. Mdomo wa ekzosi umeelekea nyuma. Kwa anayetaka kusikika mbele, pikipiki ina honi.

Anayesikia mlio huo kwa hakika, tena kwa muda mrefu kuliko wote, ni mwendeshaji mwenyewe. Wataalamu wengi wa afya kazini hukubali kwamba sikio lisipokee zaidi ya desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku, na kwamba kila nyongeza ya desibeli 3 inapunguza muda huo kwa nusu, kwa kuwa nishati ya sauti imeongezeka maradufu. Desibeli 94 ni saa 1. Desibeli 100 ni dakika 15. Kijana wa bodaboda hukaa juu ya injini kutwa nzima. Chembe za ndani ya sikio zinazopokea mitetemo hazioti tena zikifa, na kwa kuwa hufa polepole, mtu hugundua hasara miaka mingi baadaye, anapoanza kuwaomba watu warudie walichosema.

Wa pili ni jirani, na miongoni mwa majirani shule yapaswa kutajwa kwanza. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba kelele zinazoingia darasani wakati wa masomo zisizidi desibeli 35. Sauti hupungua desibeli 6 kila umbali unapozidishwa mara mbili. Mlio wa desibeli 100 kwa mita 1 utakuwa desibeli 70 kwa mita 32, na darasa lililo mita 32 kutoka barabarani, lenye madirisha yasiyo na vioo, si jambo la ajabu katika nchi hizi. Mwalimu anayezungumza kwa sauti ya kawaida hutoa kama desibeli 60 kwa umbali wa mita 1, na kwa mwanafunzi wa dawati la nyuma huwa pungufu zaidi. Kila pikipiki ya namna hiyo inapopita, somo husimama. Na aliyepoteza neno la katikati la sentensi mara nyingi hupoteza sentensi nzima.

Kenya ilitunga kanuni za kudhibiti kelele mwaka 2009, na Tanzania mwaka 2015. Kanuni hizo ni za lazima, lakini askari asiye na kipima sauti hana budi kutumia sikio, na hapo anarudia kosa lile lile la muungwana aliyesema pikipiki imepata nguvu. Msako wa siku moja, mabomba yakakusanywa na kupondwa, humwondolea kijana bomba na kumwachia imani yake. Kesho atachomelea jingine. Imani yenyewe yaweza kushughulikiwa mahali ambapo vijana hao walikuwa miaka miwili au mitatu kabla ya kupanda pikipiki, nako ni darasa la fizikia.

Somo la mawimbi hufundishwa kwa kamba na kwa uma wa sauti, kama upo. Laweza kufundishwa pia kwa chupa ya soda. Mwanafunzi akipuliza juu ya mdomo wa chupa tupu husikia sauti nzito. Akitia maji na kupunguza mjao wa hewa, sauti hupanda. Huo ndio mfumo aliouchunguza Hermann von Helmholtz wa Ujerumani katika karne ya 19, na vyumba vya sailensa hutumia kanuni hiyo hiyo kumeza sauti za mtetemo fulani. Kutoka chupa hadi sailensa iliyopasuliwa kwa msumeno ni hatua moja, na sailensa zilizooza hazikosekani katika karakana yoyote. Fundi ataitoa bure, na pengine atakuja mwenyewe kuona inakatwaje.

Kisha swali la nguvu laweza kupelekwa barabarani. Pikipiki moja ya mwalimu, kilima kimoja kisicho na magari mengi, saa ya mkononi na chupa yenye alama za mililita vyatosha kwa jaribio la Jumamosi moja. Mwendeshaji, abiria, gia na mahali pa kuanzia visibadilike. Upandwe mlima mara tano kwa ekzosi ya zamani, muda na petroli viandikwe. Mara tano kwa ekzosi mpya. Na mara tano tena kwa ile ya zamani, ili ijulikane kama tofauti iliyopatikana ni ya bomba au ya upepo uliogeuka mchana.